Sofa za urithi zinanuka uvundo: zinaokolewa vipi bila kuwaumiza watu wa ndani?

BintiChumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada kwenye jambo ambalo humu naona wengi wameligusa juu juu tu.

Marehemu bibi ametuachia seti ya sofa, moja ya watu watatu na viti viwili vya mmoja mmoja. Fremu ni mtiki, mikono imechongwa, kitambaa ni mahameli rangi ya damu ya mzee. Tangu alipoanza kuugua zilifungiwa chumba cha nyuma, dirisha halifunguliwi, na masika yote ya mwaka huu yamezikuta humo. Tumezitoa sebuleni, nyumba nzima inanuka uvundo. Mtu akikaa harufu inapanda, akiinuka anaondoka nayo kwenye nguo.

Shangazi anasema nifukize udi mpaka iishe. Jirani anasema nipulizie Jik. Muuza duka anasema nichomeke vile vidonge vyeupe vya kabatini katikati ya mito. Mwanangu wa pili ana pumu, ndiyo maana nimesita kufanya lolote. Nataka kujua kwanza harufu inatoka wapi, kisha nini kitaiondoa bila kumletea mtoto matatizo. Kuzitupa sitaki.

Nawasilisha.

Kijana_wa_Mbagala

Dada, kwa heshima zote, uza hizo fremu ununue sofa mpya. Ukungu ukishaingia kwenye sofa hautoki. Nyumbani tulihangaika nao, mwisho wa siku tukazitoa nje.

FundiSofa_Keko

Pole sana kwa msiba dada. Kijana wa Mbagala, hapo sikubaliani na wewe. Kinachonuka si fremu, ni vilivyomo tumboni mwa sofa. Mtiki una mafuta yake ya asili, unahimili unyevu na wadudu kuliko mbao laini zinazotumika kwenye sofa nyingi za siku hizi. Fremu kama hiyo ukiiuza leo, kuipata nyingine ya mtiki mkavu wa miaka mingi ni kazi.

Dada, usinunue dawa yoyote bado. Toa sofa barazani, igeuze miguu juu. Vaa barakoa na glavu kabla hujagusa. Chini utaona kitambaa chembamba, mara nyingi cheusi, kimeshikwa kwa pini. Kibandue upande mmoja kwa bisibisi bapa, polepole, maana utakirudishia. Mulika tochi ndani, tazama, nusa. Hapo ndipo utajua unapambana na nini.

Ukikuta nyuzi ngumu za kahawia, huo ni usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Ukikuta kitu chepesi cheupe kinachoteleza kwenye vidole, ni sufi. Sufi ina nta kidogo kwenye nyuzi zake, maji hayaingii kirahisi, lakini ikishashikana mabonge uvundo unakaa katikati ya bonge na juu huoni kitu. Ukikuta sponji, ifinye. Ikirudi juu haraka, bado ina uhai. Ikibaki na alama za vidole, au ikamwaga unga wa njano, imezeeka. Sponji iliyozeeka ina harufu yake yenyewe hata kama haikuwahi kulowa. Hiyo usiihangaikie kwa dawa.

Halafu kagua gunia lililo juu ya springi, maana gunia ndilo linalokunywa unyevu kuliko vyote. Doa la kahawia lenye ukingo wa duara ni maji yaliyoingia zamani yakakauka. Doa jeusi, la kijani au la kijivu lenye manyoya manyoya ni ukungu. Na upande ulioegemea ukuta uutazame mara mbili.

Tupia picha ya ndani, tuendelee.

Nesi_wa_Zamu

Nakuomba dada usichukue ushauri wowote kati ya ile mitatu kabla hujasoma hapa. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto.

Vidonge vyeupe. Vingi ni naftalini. Hugeuka hewa polepole na hewa hiyo ndiyo watu wanaivuta. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na kwenye maeneo yetu ya malaria hali hiyo si ngeni. Mtoto wa namna hiyo akikaa na naftalini, au akimeza kidonge akidhani ni pipi, chembe zake nyekundu za damu zinapasuka. Anapauka, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana upungufu huo mpaka siku ya tukio. Kwenye sofa ambayo watoto wanalalia, vidonge hivyo visiwepo kabisa.

Jik. Kwenye sakafu ya vigae ina kazi yake. Kwenye sofa inachubua rangi, inaozesha nyuzi, na mvuke wake unabana kifua cha mwenye pumu. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, hawapendekezi klorini kuwa njia ya kawaida ya kusafisha ukungu majumbani, na sababu yao ni ya msingi: ukungu uliokufa bado unaweza kuleta mzio, kwa hiyo kuuua hakutoshi, lazima utolewe. Na tafadhali, Jik isichanganywe na siki, inatoa gesi ya klorini. Isikutane na mkojo wa paka au mtoto, wala sabuni yenye amonia, inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Isikutane na spiriti. Watu huchanganya wakidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja, halafu wanatuletea mgonjwa.

Udi. Sipingi mila, kwetu tunafukiza. Lakini moshi ni moshi. Kwa mtoto mwenye pumu ndani ya chumba kilichofungwa, udi unaweza kumwamsha usiku. Na harufu ya ukungu inabaki palepale chini ya udi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na unahusisha hali hiyo na kuzidi kwa pumu. Kwa hiyo mpaka sofa zikauke, mtoto asilale chumba zilipo, na wakati wa kuzifungua na kuzipiga vumbi asiwepo karibu.

La mwisho, kwa sababu najua litatajwa: msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba eti kukausha sofa. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, na kwenye chumba kilichofungwa inaua familia nzima usingizini.

BintiChumbageni

Asante sana nesi, Mungu akubariki. Vidonge nimevirudisha dukani.

Fundi, nimefungua zote. Viti viwili ndani ni usumba mtupu na gunia. Kimoja kiko safi, kavu, kinanuka vumbi tu. Cha pili mgongo wake wa nyuma, juu ya gunia, kuna doa la kijivu kama sahani, lina manyoya. Sofa kubwa ina usumba chini na sponji juu yake, na sponji nikiifinya inamwaga unga. Springi zina kutu kidogo, mikanda miwili imekatika. Mito ya kuegemea ni sufi, ina mabonge.

Kile kiti chenye doa ndicho kilichokuwa kimeegemea ukuta wa nyuma.

Mtoto_wa_Shangani

Hapo kwenye ukuta nisimamishe kidogo uzi, maana naona watu wanakimbilia sofa na kumsahau mwenye kosa.

Nyumba ni ya aina gani dada? Kama ni ya zamani, ya mawe na chokaa, kama hizi zetu za Mji Mkongwe, ukuta wake unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani. Ndivyo ulivyojengwa: mawe ya matumbawe na chokaa vinapumua. Shida inaanza pale mtu anapokuja na saruji akapiga plasta juu ya chokaa, au akapaka rangi ya mafuta. Maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, yanatokeza kwenye rangi kwa malengelenge na unga mweupe wa chumvi. Weka kiti kwenye ukuta huo masika moja, kitaota ukungu hata kama kilitoka dukani jana.

Pitisha kiganja ukutani pale kilipokuwa kiti. Ukihisi ubaridi wa maji, au rangi ikibanduka kwa ukucha, chanzo umekipata. Angalia pia bati, mfereji wa mvua na bomba la bafu la upande wa pili. Sofa ukiisafisha vipi, ukiirudisha pale, utarudi humu kufungua uzi wa pili. Iache shibiri moja au zaidi kutoka ukutani, isilale chini moja kwa moja, iwe na miguu, na dirisha lifunguliwe jua likiwa juu, lifungwe jioni.

BintiChumbageni

Ni nyumba ya zamani kweli, ya mawe, na plasta ya saruji ilipigwa miaka ya nyuma. Nimegusa, rangi imebanduka yenyewe. Chumba kile hakitarudi kuwa stoo. Asante kaka, hili nisingeliwaza.

BiMkubwa_Kibokoni

Assalamu alaikum wanangu. Mimi ni mtu mzima wa Mombasa, simu naandikiwa na mjukuu.

Habari ya sufi niachieni mimi. Mabonge hayo hayataki dawa, yataka mikono na jua. Ngoja siku kavu, jua limepanda, kama saa nne. Tandika shuka kubwa pahala pasipo upepo mkali, maana sufi huruka. Fumua mto upande mmoja, toa sufi yote, jifunge mtandio puani. Uichambue kwa vidole, bonge kwa bonge, mpaka iwe nyepesi. Ile iliyogeuka rangi au iliyoshika kama ngozi, itenge, itupwe. Ilobaki ifunike kwa chandarua iote jua, uigeuze geuze, na kabla ya saa tisa iingize ndani. Usingoje jioni, umande wa pwani utaurudisha unyevu wote ulioutoa. Fanya hivyo siku kadhaa za jua mfululizo.

Foronya ya ndani ifuliwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, ndipo sufi irudi.

Na usumba nao hauogopi maji. Makumbi huzikwa pwani kwenye matope miezi na miezi kabla ya kupondwa. Ukiona usumba unanuka, utoe, usuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uukung'ute, uanike utawanyike. Chumvi ikibaki huvuta unyevu, ndiyo maana nasema maji ya bomba au ya mvua. Ukausheni vizuri, msiurudishe una ubichi.

Udi nifukizie baadaye, sofa ikiwa kavu na mtoto hayupo. Shangazi yako hajakosea, nia yake ni njema, ila wakati wake bado.

BintiChumbageni

Wa alaikum salaam. Shikamoo bi mkubwa, nimepokea yote, nitafanya kama ulivyosema.

FundiSofa_Keko

Bi mkubwa shikamoo, umemaliza habari ya sufi, sina la kuongeza.

Sasa dada, kwa uliyoyakuta. Sponji ya sofa kubwa itolewe, itiwe kwenye mfuko wa plastiki hapo hapo barazani, ufungwe, itupwe. Usiikung'ute, ule unga usiuvute. Gunia lenye doa nalo likatwe, litupwe. Kuna vitu vinasafishwa na kuna vitu vinabadilishwa, na gunia lililoota ukungu liko kundi la pili. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye sofa, lakini watu wengi ndicho wanachokihurumia.

Kile kiti kisafi usikifumue. Hicho kinataka kutolewa vumbi na kupata hewa. Kama una mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata vumbi laini, vizuri, pita kila kona na kwenye mishono. Kama mashine ni ya kawaida, fanyia nje, maana kichujio chake kinarudisha vumbi laini hewani. Kama huna kabisa, lowesha shuka ya zamani, ikamue sana, itandaze juu ya kiti, halafu piga kwa fimbo nyembamba. Vumbi linapanda na kugandia kwenye shuka badala ya kuruka usoni. Suuza shuka, rudia mpaka maji yatoke masafi.

Mahameli usiianike juani uso juu, itapauka na rangi ile hairudi. Igeuze, mgongo uote jua, uso ukae kivulini penye upepo. Feni isaidie. Baadaye piga brashi laini kufuata ulalo wa manyoya.

Kwa harufu iliyobaki kwenye kitambaa, tumia siki nyeupe, ile isiyo na rangi, nusu kwa nusu na maji, kwenye chupa ya kupulizia. Kwanza jaribu mahali pa siri, nyuma chini, bonyeza kwa kitambaa cheupe, subiri pakauke. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, acha. Ikitulia, pulizia kama umande, kitambaa kipate ubaridi tu kisilowe. Usielekeze kwenye springi, siki inaongeza kutu. Kisha feni mpaka harufu ya siki yenyewe iishe. Chochote utakacholowesha kikauke ndani ya siku moja, ikizidi sana mbili. Zaidi ya hapo unaupa ukungu nafasi nyingine.

Fremu kwa ndani, kule kusikopakwa kitu, futa kwa spiriti kwenye tambara, nje, mbali na moto na sigara. Kwenye mikono iliyochongwa usipitishe spiriti. Sofa za zamani nyingi zimepakwa shelaki, aina ya vanishi, na spiriti inaiyeyusha, mng'ao wote unaondoka.

Mdau_Handeni

Fundi, kuhusu magadi je? Mama anasema unanyunyiza magadi unaacha usiku kucha asubuhi unakung'uta, harufu imekwisha.

Mwalimu_Kemia_Moro

Hilo naomba nilijibu, nafundisha somo hili.

Kinachotumika ni bekin soda, ile ya kuumulia maandazi, si magadi ya kuchemshia makande. Bekin soda ni laini, haidhuru nyuzi nyingi, na inazituliza harufu zenye asili ya tindikali. Magadi ni makali zaidi, yana chumvi nyingine ndani, yanaweza kubadili rangi ya mahameli, yanakausha ngozi ya mtu, na chumvi yake inavuta unyevu kama alivyosema bi mkubwa. Wala usitumie bekin pauda, ndani yake kuna wanga, na wanga ni chakula cha ukungu.

Bekin soda inyunyizwe kwenye kitambaa kikavu kabisa, ikae usiku, asubuhi inyonywe au ipigwe brashi nje. Kwenye kitambaa chenye ubichi inaganda na kuacha weupe kwenye mahameli ambao utauhangaikia wiki nzima. Na isitumike pamoja na siki. Watu wanapenda ule povu wakidhani ni nguvu, lakini povu ni hewa ya ukaa inayotoka wakati siki na soda zinamalizana. Unachobakiwa nacho ni maji na chumvi dhaifu. Siki leo, ikauke, soda siku nyingine.

Kwa nini uvundo unang'ang'ania hivi? Vijidudu vya unyevu vinapokula vumbi, jasho na nyuzi hutoa gesi. Mojawapo ni jiosmini, ndiyo inayofanya ardhi inukie mvua ya kwanza ikipiga. Pua ya binadamu inaitambua hata ikiwa sehemu chache katika trilioni, kwa hiyo sofa inaweza kuwa imesafishwa vizuri na bado ukaisikia kwa mbali. Itaisha kwa hewa, wala haihitaji dawa nyingine. Marashi hayaigusi, yanaongeza harufu ya pili tu.

Makaa mabichi, yaani yasiyowashwa, yanasaidia kiasi. Weka kwenye ndoo chini ya sofa, si juu ya kitambaa. Nguvu yake ni ndogo kuliko makaa amilifu ya kwenye vichujio vya maji, lakini hayana madhara na yanapatikana kila mtaa.

Ukiweza nunua kipima unyevu kidogo cha chumbani. Wataalamu wanataka chumba kiwe chini ya asilimia 60, vizuri zaidi kati ya 30 na 50. Pwani yetu hewa ya nje yenyewe mara nyingi iko juu ya hapo, ndiyo maana upepo na jua vina uzito kuliko chupa yoyote.

SofaZaPili_Nairobi

Niongeze kwa wale wananunua sofa za mtumba zilizoagizwa ulaya. Angalia chini ya mto au kwenye mshono, huenda ukakuta kibandiko chenye herufi. W maana yake kitambaa kinakubali kisafishio cha maji. S kinataka vimiminika vya draiklini pekee, maji yataacha alama. WS vyote sawa. X usiweke kitu chochote, ni kunyonya vumbi tu. Nimeona watu Ngong Road wakipiga sabuni na maji kwenye sofa ya X na baada ya hapo hakuna fundi wa kuirudisha.

Na kabla ya kuingiza sofa ya mtumba nyumbani, kagua kunguni kwenye mishono na chini ya kile kitambaa cheusi. Vidoa vyeusi kama vya kalamu ni kinyesi chao. Harufu ya utamu utamu uliooza nayo ni dalili wako wengi. Mafuta ya taa si dawa, sofa iliyomwagiwa mafuta ya taa ni moto unaosubiri njiti.

Mpemba_Muscat

Hapa Muscat tunayo hali nyingine. Nje pakavu au pana joto la unyevu, ndani kiyoyozi kinapiga mchana na usiku. Watu huzima kiyoyozi wakisafiri kuja nyumbani, wanafunga nyumba nzima kiangazi, wakirudi sofa zinanuka. Wengine huita kampuni za usafi zinakuja na mashine ya ozoni. Ni salama hiyo? Mama yangu Wete ananiuliza kama nimpelekee moja.

Mwalimu_Kemia_Moro

Usimpelekee mama. Ozoni inaua harufu kweli, lakini kwa kiwango kinachoua harufu inaumiza mapafu, na mtu, paka wala kuku hapaswi kuwa ndani wakati mashine inafanya kazi. Inaharibu pia mpira, na sponji inaichosha. EPA wameionya jamii juu ya mashine hizo majumbani kwa miaka mingi. Kwa Wete, pesa hiyo inunue feni nzuri na kumlipa mtu wa kuzitoa sofa nje siku za kaskazi. Kwako Muscat, ukisafiri acha kiyoyozi kwenye hali ya kupunguza unyevu badala ya kukizima kabisa.

Kijana_wa_Mbagala

Uzi huu nimeusoma wote. Zile zetu zilikuwa mninga. Swali kwa fundi: sofa ya ngozi nayo inafuata njia hii?

FundiSofa_Keko

Ngozi hapana siki nyingi. Futa ukungu kwa tambara kavu nje, kisha tambara lenye sabuni laini lililokamuliwa sana, kisha kavu tena. Kivulini, si juani, jua linaipasua. Ikikauka ipake mafuta ya ngozi. Na fungua zipu za mito, ndani kuna sponji, harufu mara nyingi iko humo.

BintiChumbageni

Wadau, mrejesho. Kipupwe kimetusaidia, jua la mchana kavu na upepo wa kusi. Kiti kisafi kimepona kabisa kwa vumbi na hewa tu, sikukiwekea kitu. Mito ya sufi nimeichambua na wadogo zangu, theluthi hivi tumeitupa, iliyobaki nyepesi na haina harufu. Usumba wa kiti cha pili nimeusuuza na kuuanika juu ya mkeka. Mahameli ya mgongo nimeipulizia siki, rangi imetulia.

Sofa kubwa ndiyo imebaki fremu, springi na usumba. Nataka kumpa fundi wa hapa Tanga aijaze upya. Nimwambie nini ili asinirudishie tatizo?

Nesi_wa_Zamu

Kabla fundi hajajibu: mtoto anaendeleaje?

BintiChumbageni

Anaendelea vizuri dada, analala chumba kingine, na pampu yake ya pumu hajaihitaji usiku tangu tulipotoa ile sponji na lile gunia. Namrudisha sebuleni mchana tu, madirisha wazi.

Nesi_wa_Zamu

Vizuri. Pampu iwe karibu hata hivyo, na sponji mpya nayo ina harufu ya kiwandani mwanzoni. Iachwe ipigwe hewa siku kadhaa kabla hajaikalia.

FundiSofa_Keko

Mwambie fundi mambo haya, na umwambie kabla hamjapatana bei.

Mikanda yote ibadilishwe, siyo ile miwili iliyokatika tu, umri wake ni mmoja. Springi zisuguliwe kutu kwa msasa, zifutwe, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, zikauke ndipo gunia jipya lije juu. Gunia liwe jipya kweli, lisiwe la mahindi au la kahawa lililofumuliwa, hayo yanakuja na wadudu na harufu zake. Usumba wako aurudishe ukiwa mkavu, akisema una ubichi kidogo lakini utakaukia ndani, mkatalie. Juu yake sponji mpya ngumu, uipime kwa kuikalia dukani, isiwe vipande vya mabaki vilivyogundishwa, maana hujui vilitoka kwenye nini.

Gundi aitumie kidogo na nje. Kitambaa cha chini kiwe chepesi kinachopitisha hewa, mafundi wengine wanafunga nailoni kwa sababu ni rahisi, na nailoni inafungia unyevu ndani. Mahameli ya zamani kama haijachanika airudishe hiyo hiyo, iliyofumwa zamani ni nzito.

La muhimu zaidi, mwambie asifunge mgongo kabla hujafika kutazama. Ufike, utie mkono ndani, uguse usumba, unuse. Ukiridhika ndipo apige pini. Fundi anayejua kazi hatachukia. Akikataa, tafuta mwingine, na kama Tanga utakwama nitumie ujumbe, nina rafiki niliyejifunza naye kazi yuko Ngamiani.